Baba Anaomba Radhi kwa Penalti Isiyo Yake

Shangazi mpendwa,

Nakuandikia nimeegemea meza ya kukatia vitambaa, baba amelala chumba cha pili na mlango nimeuacha wazi ili nimsikie akiamka, naomba unishike mkono kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili kuna mgeni anataka kuja kwetu na sijui nimpokee au nimzuie, na watu wangu kila mmoja ananivuta upande wake mpaka nahisi nitachanika kama kitambaa cha bei rahisi.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na nguo za watu hapa hapa nyumbani, chumba cha mbele ndicho duka, na baba yangu anakaa nami tangu mama alipofariki. Zamani baba alikuwa mchezaji wa mpira, beki wa kushoto, si wa kuimbwa nchi nzima lakini jina lake liliandikwa magazetini na wazee wa rika lake wakilisikia bado wanatikisa kichwa. Jina lenyewe sitalitaja, ila ujue kwamba ni majina mawili ya kawaida sana, ukiyaita sokoni watageuka watu watatu, na ndiyo maana wenye jina hilo wamejaa. Kuna bondia. Kuna mkimbiaji wa mbio ndefu. Kuna hakimu anayetajwa kwenye taarifa ya habari kila kesi kubwa ikisikilizwa. Na kuna huyu kijana, mshambuliaji, ambaye siku hizi ukifungua redio humalizi kikombe cha chai hujamsikia.

Baba alianza kusahau taratibu, kwanza miwani, halafu njia ya kurudi kutoka kwa kinyozi ambaye yuko ng'ambo tu ya barabara, halafu akasahau kwamba mama amefariki, nikawa namwambia upya naye analia upya kama msiba ndio umeingia mlangoni, mpaka nikaacha kumwambia, nikawa nasema mama amesafiri. Basi siku moja tumekaa, mimi natia vifungo kwenye shati, redio inatangaza mechi, mtangazaji akasema jina lile kwa sauti ile yao ya kuvuta pumzi, kwamba amefunga, na baba akaweka kikombe chini akaniambia, "Umesikia? Nimefunga." Nikacheka, nikamwambia, "Nimesikia baba, hongera." Shangazi, uso wake ulivyong'aa sikuwahi kuuona tangu mazishi. Nami nikasema moyoni, inamdhuru nani?

Baada ya hapo akawa anajikusanyia kila ushindi wenye jina lake. Mkimbiaji akishinda, kesho yake baba anaomba nimkande magoti, anasema mbio za jana zilikuwa na milima. Bondia akipigwa, baba anashika taya, anasema yule jamaa alimvizia kengele haijalia. Hakimu tu ndiye ambaye baba alimkataa, siku moja walitangaza kuwa amemfunga mtu miaka mingi, baba akanigeukia akasema, "Huyo si mimi, mimi sijasoma hivyo, na sina roho hiyo." Tulicheka hadi mteja wangu akajichoma pini.

Lakini nisikufiche. Ule mchezo ulinisaidia na mimi. Baba alikuwa hataki kuoga, hataki vidonge, chakula anakisukuma, unambembeleza mpaka chakula kinapoa na wateja wanasubiri, na mume wangu ni dereva wa lori, wiki nzima yuko barabarani, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Siku moja kwa kuchoka tu nikamwambia, "Baba, kocha amesema uoge, kesho kuna mechi." Akainuka akaoga. Nikamwambia, "Mchezaji haingii uwanjani na njaa," akala akamaliza. Tangu hapo kocha akawa ndiye mwenye nyumba, kocha amesema vidonge, kocha amesema ulale mapema, kocha amesema usitoke nje jua ni kali, na mimi cherehani yangu ikawa haisimami. Nikawafundisha na majirani. Kinyozi, fundi viatu, vijana wanaokaa pale kwenye benchi la kinyozi, wote nikawaambia, mkimwona mpongezeni, msimbishie. Wakawa wanamwambia, "Mzee, jana uliwasumbua kweli kweli," naye anainua mkono kidogo, kama mtu aliyezoea. Alinenepa, Shangazi. Daktari mwenyewe alisema mzee anatunzwa.

Sasa ikaja fainali. Siku hiyo nilikuwa na rundo la sare kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa, na cherehani yangu ina mota, ikinguruma humsikii hata mtu aliyesimama mlangoni, baba akawa na redio yake dirishani na mimi na kazi yangu, nikisimama kubadili uzi namuuliza, "Tunaendeleaje?" ananijibu, "Bado nawasoma." Penalti ilikuja mwishoni kabisa. Yule kijana akapiga, mpira ukapita juu ya mwamba, mechi ikaisha, kombe likaenda kwa wenzetu. Mimi sikujua, nilikuwa nashona kola. Kilichofuata ni kile kipindi cha watu kupiga simu redioni, na watu wetu wakikasirika hawana breki, mmoja akasema amenunuliwa, mwingine akasema apelekwe akachunge mbuzi, mwingine akasema mama aliyemzaa heri angezaa jiwe watu wakajengea, na kila aliyepiga alitaja jina kamili, yote mawili, kama anasoma mashtaka. Baba alisikiliza mwanzo hadi mwisho, mpaka mtangazaji akaaga. Nilipozima cherehani nilimkuta amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Akaniambia, "Mwanangu, nimewaangusha."

Asubuhi niliamka nikakuta kitanda kitupu. Nilimkuta kwa kinyozi, amevaa koti lake la kanisani, amesimama mbele ya lile benchi, anasema, "Ndugu zangu, nisameheni, mguu uliteleza. Nilikusudia kona ya chini." Wakacheka. Si kwa ubaya, mimi mwenyewe niliwafundisha mchezo huo, na fundi viatu, ambaye kwa kweli ana mdomo tu lakini moyo anao, akamjibu kama tulivyozoea, akamwambia, "Mzee, wewe umetuua kabisa, watu hawajalala." Baba akainamisha kichwa akasema, "Najua." Hapo benchi likanyamaza. Kijana mmoja alikuwa ameshapiga video.

Tangu siku hiyo hali chakula, Shangazi. Anakunywa maji, uji vijiko viwili vitatu, basi. Nikajaribu kama kawaida, nikamwambia kocha amesema ule. Akanitazama akasema, "Kocha hawezi kuwa anasema na mimi sasa." Nikarudisha bakuli jikoni. Mlango niliokuwa nikiingilia kila siku nilikuwa nimeufunga mwenyewe.

Basi nikasema, liwalo na liwe, nitamwambia ukweli. Nikakaa chini karibu naye nikamwambia, "Baba, aliyekosa si wewe. Ni kijana mwingine, mnafanana jina tu." Akanijibu polepole, "Unanihurumia mpaka unaninyang'anya jina langu?" Nikaendelea, laiti ningenyamaza, nikamwambia baba wewe mpira uliacha kabla mimi sijazaliwa, goti lako lilivunjika, umezeeka, unakaa kwangu. Akafikiri. Akauliza, "Na yale mabao ya mwaka huu?" Akauliza tena, "Sasa aliyekuwa akishangiliwa ni nani?" Akalia kilio ambacho sitaki kukisikia tena. Na kesho yake ule ukweli ulikuwa umeshamtoka kichwani, lakini huzuni ilibaki pale pale, akavaa koti akaenda tena kwa kinyozi kuomba radhi.

Kinachoniuma kuliko vyote ni hiki. Nilitaka nimrudishie mpira wake mwenyewe, nimwambie, "Baba, kumbuka ile mechi yako ya kweli, ulivyocheza," nikagundua siijui hata moja. Nilipokuwa msichana alikuwa akisimulia kila jioni, mama akisikiliza kama ndiyo mara ya kwanza, mimi nikigeuza macho juu, nikisema moyoni mzee kaanza tena. Nakumbuka tu kwamba kulikuwa na mvua na kulikuwa na mtu aliyebebwa mabegani, na sijui kama baba ndiye aliyebebwa au ndiye aliyebeba. Mabao ya yule kijana nayajua yote kwa tarehe. Ya baba yangu sijui hata moja.

Sasa ile video imezunguka, imemfika mwenyewe, yule mshambuliaji. Amejificha kwa mama yake, hatoki nje. Alitafuta namba ya kinyozi akampigia, akasema, "Nchi nzima imenitukana. Huyu mzee peke yake ndiye ameomba radhi kwa niaba yangu. Nataka nije nimwone Jumapili, na mimi naitwa kama yeye." Mume wangu anasema aje, ni baraka. Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mhasibu mji mwingine na hutupigia simu Jumamosi, anasema hapana, familia itageuzwa kichekesho, bora tumtafutie baba rekodi ya mechi ya zamani ambayo yule kijana alifunga, tumwashie tumwambie ndiyo ya leo, atasahau penalti. Na mimi kila nikilala nawaza jambo moja: akiingia mlangoni mtu mwenye jina lile, kijana, mwenye miguu yake, baba yangu atabaki kuwa nani?

Nisaidie.

Ni mimi, binti yake, fundi wa sare.

*

SHANGAZI ANAJIBU

Binti yangu, barua yako imenikuta na kazi nyingi nikaziweka zote pembeni, na kwa kuwa Jumapili haisubiri gazeti, majibu haya nilikupa kwa simu kwanza. Nayarudia hapa kwa sababu najua nyumba nyingine nyingi zina mzee kama wako dirishani.

Nianze na kukugombeza, ili nimalize. Hukumdanganya baba yako kwa ubaya, hilo nakubali. Ila usiniambie ulimdanganya kwa ajili ya vidonge tu. Ulimdanganya pia ili cherehani isisimame, na umesema mwenyewe, kwa hiyo tusizunguke. Kumwambia mgonjwa neno la kumtuliza si dhambi. Lakini wewe ulimhamisha mzee mzima ukamweka katika maisha ya mtu mwingine, na maisha ya mtu huja na siku zake mbaya. Ulidhani utapokea mabao tu? Na majirani ukawapa mchezo bila kuwaambia unaishia wapi. Fundi viatu hana kosa. Alisema alichofundishwa.

Haya, nimemaliza. Sasa futa machozi unisikilize.

Kwanza, usimwambie tena ukweli ule. Umemwambia mara moja, umeona. Ukweli unaomliza mtu leo na kumtoka kesho, halafu ukamwambia tena, huo si uaminifu, ni kofi la kila siku. Ulijifunza hayo kwa habari ya mama yako, nashangaa ulisahau.

Pili, mwambie kaka yako rekodi yake aifungie kabatini. Anataka kukopa furaha pale pale mlipokopa mwanzo. Na mkimwashia bao leo, kesho redio ya kinyozi itamwambia nini? Tena mwambie hivi kutoka kwangu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Simu ya Jumamosi haimwogeshi mtu. Achukue likizo, aje akae na baba yake, awe yeye anayebembeleza kijiko, halafu ndipo atoe maoni kuhusu aibu ya familia.

Tatu, na hili ndilo nililoliona katika barua yako nzima na wewe hukuliona kwa sababu umechoka. Baba yako anaomba radhi. Kila asubuhi anavaa koti anaenda kuomba radhi. Mmemjibu nini? Wewe umemwambia si wewe. Kaka yako anasema asahau. Benchi limecheka, halafu limenyamaza. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Tumekusamehe." Mtu anabisha hodi siku zote hizo na nyumba nzima mnajadiliana kama mlango ni wake. Mfungulieni. Haijalishi kosa ni la nani. Huzuni ni yake, hiyo haina wa kufanana nayo jina. Nenda kwa kinyozi leo, mwambie awakusanye wale wale waliocheka, waje nyumbani kwa heshima, wamshike mkono mmoja mmoja, waseme neno hilo moja. Waseme polepole, na wasicheke.

Nne, huyo kijana. Aje. Ila jina lake aliache nje na viatu vyake. Hakuna kumtambulisha, hakuna "baba, huyu ndiye fulani". Ni kijana tu aliyekuja kumsalimia mzee. Simu zote zikae mfukoni, na atakayetoa yake kupiga picha, mtoe nje hata kama ni mjomba wako. Huyo mtoto wa watu naye ameumia, usimgeuze dawa ya baba yako na kusahau kwamba naye ni mgonjwa. Mpe kiti, mpe chai.

Tano, mzee asiyekula si jambo la gazeti. Kabla ya Jumapili, mpeleke hospitali, mweleze daktari kila kitu, pamoja na kocha wako. Redio mbadilishie, asikie muziki, mpira uzimwe. Na kocha mstaafishe. Ukitaka baba ale, kaa ule naye. Najua sare zinangoja. Zingoje.

Mwisho, kuhusu zile hadithi ulizogeuzia macho. Hapo sina dawa, mwanangu, na sitakudanganya. Tafuta wazee aliocheza nao, kama yuko hata mmoja, kaa naye umsikilize mpaka mwisho. Utapata vipande. Vingine vimeondoka na mama yako aliyekuwa anasikiliza, na utaishi na hilo. Wasomaji wangu wenye wazazi wanaorudia rudia hadithi, nadhani mmenisikia.

*

Wiki mbili baadaye binti huyu aliniandikia tena. Kwa ruhusa yake barua naiweka hapa, nimepunguza salamu tu.

"Shangazi, nilifanya ulivyosema. Hospitali walimtundikia dripu, wakanieleza kwamba hali yenyewe itaendelea kushuka, nijiandae. Jumapili kinyozi alifunga duka, wakaja wote wamechana nywele kama wanakwenda kuposa. Baba alikuwa amekaa kiti chake. Fundi viatu ndiye aliyetangulia, akapiga goti, akamshika mkono, akasema, 'Mzee, tumekusamehe,' na sauti ikamkatika, mtu yule ambaye hajawahi kukosa neno tangu nimjue. Wakapita mmoja mmoja. Baba akawashukuru kila mmoja. Halafu akauliza, 'Na wale wengine?' Tukatazamana. Akasema, 'Wale wa redioni. Wa nchi nzima.' La hapo, Shangazi, hata wewe hukunipa.

"Yule kijana alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango, hatujamwambia baba ni nani. Akasogea, akachuchumaa mbele ya kiti, akasema, 'Mimi nimetumwa na wale wengine. Wamekusamehe. Wamesema urudi.' Alisema hivyo yeye, ambaye wiki ile ile mama yake alikuwa amevunjiwa dirisha kwa mawe. Baba akamtazama sana. Akamuuliza, 'Na wewe ni mchezaji?' Akasema ndiyo. 'Umeumia?' Akasema, 'Kidogo.' Baba akaweka mkono kichwani pa yule kijana, akauacha hapo, naye akalia ameinama vile vile na sisi wote tukatazama ukuta. Nilipoleta uji baba alisema, 'Ale huyu kwanza.' Wakala bakuli moja, kijiko kwa zamu. Alipoondoka hakutaka hata kusindikizwa. Nasikia ameanza mazoezi.

"Baba haendi tena kwa kinyozi na koti. Anakula, si sana, lakini anakula nikila naye. Ila kuna kitu kimeondoka. Juzi redio ya jirani ilitaja jina lile, majina yote mawili, nikashika pumzi nione. Baba alikuwa anapanga vifungo vyangu kwa rangi, hakuinua kichwa. Baadaye akaniuliza, 'Huyo wanayemtaja ni nani?' Nikamwambia ni mchezaji mmoja. Akasema, 'Ana jina zuri,' akaendelea na vifungo. Nilikwenda jikoni nikalia. Nilitaka asiwe yule kijana, sikutaka asiwe yeye mwenyewe. Mzee mmoja niliyeelekezwa kwamba walicheza pamoja nilimkuta amezikwa mwezi uliopita. Kaka yangu anasema atakuja mwisho wa mwaka, kazi zikipungua. Mimi siku hizi simwiti kwa lile jina, hata kwa utani, nisije nikamchanganya. Namwita Baba. Hilo bado anaitikia."

Mwite hivyo hivyo, mwanangu, mara nyingi kwa siku, hata kama huna la kumwambia. Na huyo kaka yako asingoje mwisho wa mwaka. Aje sasa, naye amwite, baba akiwa bado anaitikia.